Fomu Isiyokuwa na Lakini

Habari zenu, ndugu wasomaji? Za huko mliko? Za watoto? Za kazi? Nzuri? Haya, tumshukuru Mungu. Na sisi huku nzuri tu.

Nimeanza na salamu kwa sababu mtu anayeingia kwenye maneno bila kusalimu anatafuta ugomvi, na mimi sina ugomvi na mtu, sembuse na serikali. Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Jina lake limesajiliwa, na raia akitaka kuliandika popote hujaza ombi nakala tano, na nakala ya nne haijachapishwa tangu mwaka wa mafuriko. Nitasema nchi yetu, nanyi mtajua ni ipi, na msipojua basi mna bahati.

Nataka kuwasimulia jinsi tulivyothibitishwa, kwa cheti chenye utepe, kuwa watu wanaoipenda nchi yao kuliko watu wote duniani, na jinsi zahanati ya mtaa wetu ilivyogeuzwa makumbusho bila kuhamishwa hata hatua moja.

Mtaa wetu unaitwa Mfereji Mmoja. Nyumba yangu ina vyumba sita na watu kumi na tisa, bila wageni, maana kwetu wageni hawahesabiwi. Ukimhesabu mgeni amejua unataka aondoke. Jina langu Bi Sihaba. Nakaanga maandazi barazani, na anayenunua andazi moja hupewa na habari za mtaa mzima, hizo haziuzwi.

Chumba cha uani alikaa Tabu. Mumewe, Sudi, alikuwa mbali akijenga daraja la mtoni, lile daraja lililozinduliwa kwanza, likapigwa picha, ndipo likaanza kutafutiwa saruji. Mwaka juzi Tabu alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza wakati zahanati yetu haina nesi. Tukampakia kwenye gari la mkaa kwenda hospitali kubwa ng'ambo ya mto. Hatukufika. Yule mtoto alizikwa kando ya barabara, karibu na jiwe la maili kumi na nane, na mpaka leo mwenye gari la mkaa akipita pale huzima redio.

Baadaye akaletwa Nesi Gaudensia, mwanamke mnene wa sauti nene, na kitanda cha kuzalia chenye magurudumu matatu. La nne lilikuwa tofali. Mwaka mmoja na nusu walizaliwa watoto sitini na mmoja juu ya kitanda kile na tofali lile. Sasa Tabu alikuwa na mimba nyingine, miezi minane. Kila asubuhi alipita zahanati, haumwi kitu, akasimama mlangoni kukitazama kitanda.

"Bado kipo?" Nesi humtania.

"Kipo, dada," Tabu hujibu, na hapo ndipo huweza kula.

*

Hebu niwaeleze jambo moja wasiolijua wageni. Kwetu mtu akiulizwa habari hujibu nzuri. Hata kama nyumba inaungua. Unajibu nzuri, unavuta pumzi, kisha unasema, "Lakini nyumba inaungua." Ile nzuri ni kizingiti tu. Habari yenyewe iko ndani, nyuma ya lakini, na muulizaji anajua. Anavua viatu, anakaa, anangoja. Atakayejibu "mbaya" hapo mlangoni ni kama amemmwagia mgeni maji ya vyombo. Hatukufundishwa shuleni, na wengine shule yenyewe tuliiona kwa nje. Tumezaliwa nalo.

Basi mwaka ule Wizara ya Hali ikaandaa Sensa ya Mapenzi kwa Nchi. Wataalamu walikaa hotelini miezi saba wakitunga maswali, na kwa kuwa walikuwa watu wastaarabu wakaona wasiwatishe wananchi kwa maneno makavu. Wakayaandika kwa upole. Habari za maji? Habari za barabara? Habari za afya? Mbele ya kila swali wakachora kisanduku cha neno moja. Neno moja lilitosha, walisema, kwa kuwa mwananchi wa kawaida ana shughuli nyingi.

Alipangiwa mtaa wetu karani aitwaye Evodi. Kijana amelelewa yule, jamani. Alivua kofia tangu kwenye mfereji.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu baba, pita, mkeka huo."

"Shikamooni."

"Marahaba!" Uwanja mzima, na dirisha la jirani pia.

"Habari za maji?"

"Nzuri," tukajibu kwa pamoja, "lakini..."

"Asanteni. Habari za umeme?"

"Nzuri, lakini..."

"Asanteni sana. Habari za nyumba?" Hapo alimgeukia Mzee Mwinchande, mjumbe wetu, ambaye paa lake lilichukuliwa na upepo Jumanne na alikuwa amekuja kwangu kukaa chini ya kitu.

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu," akasema mzee, akakohoa ili aingie kwenye lakini. Kikohozi chake kirefu. Alipomaliza, Evodi alikuwa ameshafika kwenye afya.

"Habari za afya, mama?" akamwuliza Tabu.

"Nzuri," akasema Tabu, akavuta pumzi.

"Asante, mama. Naona mwenyewe. Hongera."

Swali la mwisho halikuwa la salamu. Liliuliza: Unapenda nini katika nchi yako? Majibu yaliandikwa tayari. La kwanza, uongozi wake. La pili, uongozi wake na milima. La tatu, vyote vilivyotajwa. Hapo kidogo Evodi aliweka kalamu chini, nikamsogezea maandazi, na watu wakaongea.

"Mimi napenda," akasema Mzee Mwinchande, "kwamba nikifa saa saba, saa kumi kaburi limeshachimbwa, na wachimbaji wenyewe sijawahi kuwapa hata njiti ya kiberiti."

"Mimi napenda nyumba ikijaa," nikasema. "Nikisikia mtu mmoja tu anakoroma silali."

Tabu alifikiri. "Mimi napenda kwamba hapa mtu hazai peke yake. Hata kule maili kumi na nane, wanawake nisiowajua walitoka mashambani. Wakanizungushia kanga zao. Mmoja mpaka leo simjui jina."

Evodi alikuwa na machozi, nimeyaona. Akala andazi la nne, akaandika: la tatu, vyote vilivyotajwa.

Nyumba ya mbele yetu walikuwa na msiba. Akabisha kwa adabu. "Habari za hapa?" Wafiwa wakasema, "Nzuri, lakini marehemu ndiyo tunamtoa." Evodi alibeba jeneza mpaka makaburini, akatupa udongo wake konzi tatu, akapangusa mikono, akaandika nzuri.

*

Matokeo yalitangazwa uwanjani na Mheshimiwa Waziri wa Hali mwenyewe, juu ya jukwaa lenye kapeti. Tulipelekwa kwa malori ili tusikose furaha yetu.

"Ndugu wananchi!" akasema, na kipaza sauti kikapiga yowe. "Nimekuja na habari. Maji, nzuri! Barabara, nzuri! Umeme, nzuri! Afya, nzuri! Jumla ya wananchi walioridhika ni asilimia mia moja na nne!"

Tukapiga makofi. Zile nne za juu, alifafanua, ni watu waliojibu kupitia dirishani kabla hawajaulizwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya sayansi.

"Nchi jirani wamepata sitini na mbili, na bado wanajiita nchi! Sisi tumepewa nishani ya dunia! Wageni watakuja kujifunza kwetu! Sasa nawauliza, ndugu zangu, serikali sikivu inaweza kuendelea kuwatibu watu wazima wa afya? Hiyo si huduma, hiyo ni dharau! Kumpa kitanda mtu asiyeumwa ni kumwombea mabaya! Kwa hiyo, baada ya siku kumi na nne, zahanati zote zitakuwa Makumbusho ya Shida za Zamani, ili vizazi vijavyo wajue tulikotoka!"

Tukapiga makofi tena. Niseme kweli, mikono ilipiga yenyewe, kwa mazoea. Masikio yalifika baadaye. Nilipogeuka nikamwona Tabu hapigi. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya tumbo, kama mtu aliyeziba masikio ya mtoto.

*

Sisi si watu wa kulala. Kesho yake tulikwenda Ofisi ya Masahihisho, mimi, Tabu na Mzee Mwinchande. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, mezani kwake bendera tatu.

"Karibuni, karibuni. Habari zenu?"

"Nzuri," tukasema.

Akaandika. "Sasa kama nzuri, mmefuata nini?"

"Baba," nikasema, "ile nzuri tuliyosema kwenye fomu ilikuwa ya salamu. Kulikuwa na lakini."

Akafungua fomu, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga. "Lakini siioni."

"Hapakuwa na mahali pa kuiweka."

"Basi haikuwapo. Mama yangu, kitu kisicho na kisanduku nakiweka wapi, kichwani?" Akatuhurumia. "Ila sheria ina huruma. Kifungu cha tisa: wakazi kumi wakimjibu mkaguzi neno 'mbaya', neno la kwanza kabisa, bila kutanguliza nzuri, zahanati inabaki."

"Kumi tu?"

"Kumi tu."

Tulicheka njia nzima. Mtaa wa Mfereji Mmoja una watu elfu mbili na wote hali mbaya. Tabu siku ile alikula sahani mbili.

Jioni nikawapanga barazani tufanye mazoezi. Nikajifanya mkaguzi. "Habari za leo, Mzee Mwinchande?"

Mzee akasimama wima. "Mb... mb... Mbona wewe hujambo?"

"Mzee!"

"Siwezi, Sihaba. Mama yangu ananitazama kutoka kaburini."

"Mama Elinaike, wewe. Habari za nyumbani?"

Mama Elinaike ni mwimba kwaya. Akafumba macho, akakaza ngumi. "Mba... Mbarikiwe nyote!"

Watu walianguka kwa kicheko. Tulijaribu mpaka maharage yakaungua, na kati ya watu thelathini hakuna hata mmoja aliyelifikisha neno mwisho. Ndipo Tabu akasema, taratibu, "Yupo mmoja anayeweza."

Kicheko kikakatika. Sote tulijua ni nani.

*

Bi Kidawa anakaa ukuta kwa ukuta na zahanati. Anachoma karanga. Miaka sita hakumsalimu mtu wala hakuitikia salamu. Watoto wakifanya ufidhuli tulikuwa tunawaambia, "Utakuwa kama Bi Kidawa." Nilikwenda mwenyewe, Tabu nyuma yangu.

"Hodi, Bi Kidawa."

Anapepeta karanga.

"Nimekuja, shoga."

"Nakuona. Sijapofuka."

"Habari za..."

"Usiniulize habari, Sihaba. Sema lililokuleta."

"Ndiyo lugha hiyo hiyo tunayoitaka!" nikaruka. Nikamweleza yote. Alipepeta mpaka nikamaliza.

"Kumbe," akasema. "Miaka sita mnaniita sina adabu. Leo adabu zenu zimewanasa kooni, mmekuja kuniazima ufidhuli wangu."

"Tusameheane, mwenzangu. Sijui hata tulikukosea nini."

"Hujui?" Akaweka ungo chini. "Siku mume wangu Hamadi alipokata roho, sina mtu ndani, nilitoka barazani kutafuta wa kunisaidia kumfumba macho. Ukapita wewe na kikapu. Ukasema, 'Bi Kidawa, habari?' Nikasema nzuri. Nikavuta pumzi niseme lakini. Ukasema, 'Haya, tutaonana.' Ukaenda kuwahi dagaa."

Wale dagaa niliwakumbuka. Walikuwa na mchanga.

"Wa pili akapita. Wa tatu akapita. Wote, 'Haya, tutaonana.' Nikamfumba macho mwenyewe. Tangu siku ile nikasema, kama hamngoji lakini yangu, na nzuri yangu hamuipati."

Kisha akamtazama Tabu, akalitazama tumbo. "Huyu anazaa lini?"

"Mwezi ujao, bibi," akasema Tabu.

"Kwa ajili ya huyu," akasema Bi Kidawa, "nitawafundisha."

Alifundisha siku tano. Hakuwa na mzaha. "Msimtazame usoni!" alikuwa anafoka. "Ukimtazama mtu usoni umekwisha, utamhurumia. Tazama kuku. Mjibu kuku!" Akachagua kumi. Yeye angekuwa wa kwanza, awafungulie wenzake njia, na Tabu wa mwisho. Siku ya tano Mzee Mwinchande alimwambia jogoo wangu "mbaya" mara nane mfululizo, na jogoo akakimbia.

*

Mkaguzi alifika Jumamosi asubuhi kwa gari la serikali. Akashuka. Alikuwa Evodi. Kwa adabu zake alikuwa amepandishwa cheo. Suti mpya, kofia ile ile, na akaivua kule kule kwenye mfereji.

Kumi wetu walikuwa wamejipanga kwenye benchi, macho kwa kuku. Evodi hakuanza na fomu. Alimwendea Bi Kidawa, akapiga goti moja kwenye vumbi na suti yake, akaishika mikono yake yote miwili.

"Shikamoo, mama."

Miaka sita hakuna aliyempa shikamoo yule mwanamke. Niliona macho yake yakimwacha kuku.

"Marahaba, baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya msichana.

"Habari za siku nyingi, mama yangu? Naona umekonda. Unakula vizuri?"

"Nzuri," akasema Bi Kidawa. "Nzuri, mwanangu. Nzuri sana." Akavuta pumzi, pumzi ya miaka sita. "Lakini..."

Evodi alikuwa ameshaachia mikono. Anaandika. "Asante sana, mama. Anayefuata?"

Baada ya hapo walianguka wote. Mama Elinaike alisema nzuri kabla hajaulizwa. Mzee Mwinchande alishikilia kuku kwa macho mpaka mwisho, hakuyumba, akamwambia kuku, "Nzuri." Tisa wakapita, nzuri tisa. Akabaki Tabu.

"Habari za asubuhi, mama? Habari za mtoto?"

Tabu hakutazama kuku. Alimtazama Evodi usoni.

"Mbaya," akasema.

Baraza zima lilishtuka. Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Na mimi, Mungu anisamehe, mimi niliyempa kijiko cha uji wake wa kwanza mtaani hapa, mdomo wangu mwenyewe ukaropoka: "Tabu! Adabu!"

Evodi alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi. Akafungua kanuni, akasoma, akafarijika. "Majibu ya wajawazito hayahesabiwi," akasema kwa upole. "Wajawazito hula hata udongo, serikali haiwezi kutilia maanani kila wanachotamani. Jina la mama?"

"Tabu."

"Jina hili nalo ni kama jibu. Nitaandika Raha."

*

Zahanati ikafungwa Jumatatu na makumbusho yakafunguliwa Jumanne, nyumba ile ile. Kibao cha nje kilipakwa rangi juu ya herufi za zamani. Kitanda cha kuzalia kikazungushiwa kamba nyekundu, na juu ya tofali pakawekwa karatasi: Usiguse. Dawa na vifaa vikaingia kwenye kabati la kioo, ufunguo ukapelekwa Wizarani. Nesi Gaudensia akabakishwa, sare ile ile, awe mwongoza wageni. Mkuu wa makumbusho akawa Evodi, cheo cha tatu ndani ya mwezi.

Asubuhi Tabu akaendelea kupita. Sasa ilimbidi asubiri saa za kufungua.

"Bado kipo?" Nesi akamwuliza, bila utani.

"Kipo, dada," akasema Tabu. Siku hizo hakula.

Uchungu ulimshika Alhamisi, saa nne asubuhi, kabla ya siku zake. Mto ulikuwa umejaa, na daraja, kama mjuavyo, lilikuwa limezinduliwa tu. Tulimshika huku na huku, Bi Kidawa bega moja, mimi bega moja, tukaenda alikokuwa anakwenda kila siku.

Siku hiyo hiyo walikuwa wamekuja wageni wa nishani. Watu ishirini kutoka mataifa mbalimbali, wamevaa beji, wamesimama duara. Nesi Gaudensia alitutazama mara moja tu. Akafungua kamba nyekundu.

"Nesi," akasema Evodi, "maonyesho..."

"Toka mbele yangu, baba," akasema Nesi.

Evodi aliwageukia wageni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu asiyeweza kuwaacha wageni kwenye ukimya, akawaeleza kwamba hapa waheshimiwa wanaona jinsi akina mama wa zamani walivyotaabika. Wageni walisogea karibu. Waliandika. Mmoja alimpigia Tabu picha, akamwomba asimame vizuri kwenye mwanga, mimi nikaipiga ile kamera ikaanguka.

Mtoto alitoka saa tano na robo. Msichana. Wageni wakapiga makofi.

"Nyamazeni!" Nesi akafoka, na makofi yakazidi, maana walidhani ni sehemu ya onyesho.

Mtoto hakulia. Nesi alimgeuza, akamsugua mgongo kwa kanga, akamfuta puani. Akaangalia kabati. Kile kifaa cha kumpulizia mtoto pumzi kilikuwa mle ndani, rafu ya pili, na kadi yake chini: Kilitumika zamani. Hakuomba ufunguo. Alipiga kioo kwa kiwiko, kikamwagika, damu ikamwagika, akashika kile kifaa akavuta. Hakikutoka. Kilikuwa kimegandishwa kwenye ubao kwa gundi, kisije kikaibwa. Alivuta na ubao. Bi Kidawa alivuta naye. Mpira ukachanika mikononi mwao, nusu kwa huyu, nusu kwa yule.

Nesi akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto. Alifanya hivyo muda mrefu. Alipoinua kichwa hakumtazama mtu.

Evodi alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. Mgeni mmoja akamgusa bega, akauliza kama onyesho litarudiwa alasiri.

"Hapana, mheshimiwa," akasema Evodi. "La leo limekwisha."

Kwenye kitabu cha wageni waliandika: nzuri sana.

*

Tulimzika mtoto siku ile ile. Mzee Mwinchande hakuongopa. Kaburi lilichimbwa kwa saa moja, na wachimbaji walitoka mitaa nisiyoijua. Sudi alitumiwa habari kule darajani. Mto ulikuwa bado haupitiki. Nyumba yangu ilijaa ikafurika. Watu wamekaa mpaka jikoni, mpaka uani, kanga kwa kanga, na kila anayeingia anauliza, "Habari za hapa?" na sote tunamjibu, "Nzuri," na anakaa.

Alasiri ya siku ya tatu akaja Evodi. Ilikuwa siku ya fomu ya robo mwaka. Akasimama mlangoni, fomu mkononi.

"Poleni. Habari za hapa?"

"Nzuri," tukajibu.

Alishika kalamu, hakuandika mara moja. Nilimwona akiitazama ile fomu, akaigeuza nyuma, akaitazama kwenye mwanga kama yule Mkurugenzi wa Masahihisho. Akaigeuza tena mbele. Gari likapiga honi. Akaandika, akavaa kofia, akaenda.

Ndipo akaingia Bi Kidawa. Watu wakampisha njia. Wengine walikuwa hawajamwona ndani ya nyumba ya mtu tangu amzike Hamadi. Akapita katikati yao mpaka kwenye mkeka wa Tabu. Tabu alikuwa hajasema neno siku tatu. Bi Kidawa akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Habari, mwanangu?"

Hatukuwahi kumsikia akiuliza.

"Nzuri," akasema Tabu.

Hakuna aliyesema haya. Hakuna aliyesema tutaonana. Chungu cha maharage kilikuwa kinachemka jikoni, nikakiacha, nikaja nikakaa chini palepale nilipokuwa nimesimama. Bi Kidawa alivua ndala zake, moja, na ya pili, akazisukuma mbali ukutani, kama mtu asiyekuwa na safari nyingine leo wala kesho.

"Haya, mama," akasema. "Lakini?"